Mtani Asiyejua Kucheka Msibani

Mdogo wangu Yahaya ana miaka arobaini na moja, wake wawili na akili za kifaranga. Nampenda, ila ukweli usemwe. Baba alipofariki tuliuza shamba lake la Goweko kwa milioni tisa: sita zake, tatu zangu, kama dini inavyogawa. Zote zilikaa kwenye simu yake, maana tulikubaliana kununua mashine ya kukoboa mpunga kwa ubia.

Mashine akaiona mtandaoni. Imetumika miaka miwili tu, rangi inang'aa, bei nusu ya dukani, muuzaji yuko Dar es Salaam. Mimi ni fundi cherehani hapa Tabora mjini, na hata cherehani ya mtumba siilipii kabla sijaipitishia kitambaa. Nikataka tuione kwa video ikikoboa. Muuzaji akasema umeme umekatika. Nikataka picha ya kibati chenye namba ya mota. Ikaja picha haisomeki, eti kamera ina vumbi. Nikasema basi twende wenyewe, treni ipo. Akasema mteja wa Morogoro yuko njiani, tuwahi.

Mwenye akili angeishia hapo. Yahaya hakuishia, kwa sababu muuzaji alikuwa amemtukana.

Alimuuliza kabila. Aliposikia Mnyamwezi akasema, "Kumbe mtumwa wangu! Babu yako alimbebea babu yangu pembe toka Tabora mpaka Bagamoyo, akaona bahari, akauliza nani kamwaga maji." Akajitambulisha kuwa ni Mzaramo wa Kisarawe. Yahaya alicheka mpaka akafuta machozi. Huo ndio ugonjwa wetu. Utani wa njia ya misafara bado tunauchukulia kama mkataba uliopigwa muhuri. Mtu akitupa risiti tunaigeuza pande zote. Mzaramo akitutukana tunamfungulia mlango.

"Mtani hawezi kuniibia, dada," Yahaya aliniambia. "Akitaka kitu changu anakichukua hadharani, huku ananicheka."

Ijumaa, saa nane mchana, muuzaji akatuma ujumbe: hela yote iingie kabla ya saa kumi, lori linaondoka. Nilikuwa nimechoka kubishana. Nikamwambia Yahaya anipe simu, nimwambie mtani wake kwamba amekufa.

"Unanichuria, dada."

"Kaa kimya. Maiti haisemi."

Mtani wa kweli hupewa habari ya msiba mapema, na haji kulia. Huja akimwiga marehemu alivyokuwa akitembea, huuliza kama sanda ilinunuliwa kwa mkopo, huzuia jeneza lisitoke mpaka apewe ada yake. Mzaramo hafundishwi hayo. Nikapiga, nikaweka sauti ya juu ili marehemu naye asikie.

"Mtani, mtumwa wako Yahaya amefariki asubuhi hii. Tunazika alasiri."

Hapo sauti yake ikawa laini kama ya mtangazaji wa redioni. "Poleni sana, mama. Bwana alitoa na Bwana ametwaa."

Mzaramo gani huyo wa Kisarawe? Hakuna tusi, hakuna ada, na hata innalillahi haijui. Nilimtazama Yahaya. Alikuwa ameduwaa, mdomo wazi, kama kweli ameoshwa na kulazwa.

"Sasa mama," muuzaji akaendelea, "marehemu alishatuma zile milioni tatu jana. Mkimalizia sita leo, mashine itawasaidia hao watoto aliowaacha."

Nilikata simu. Nilikuwa nacheka ujinga wa mtu, kumbe ujinga huo ulikuwa umeshakula sehemu yangu ya shamba la baba.

"Nilitaka kwanza kuijaribu njia, dada," akasema. "Nikaona nianze na kidogo."

"Kidogo hicho ni changu."

"Ndugu hawadaiani."

Nilimrudishia simu yake. Nikamwambia anitumie milioni tatu kutoka kwenye zile sita, hapo hapo alipokaa. Maana marehemu hulipiwa madeni kwanza ndipo mirathi igawanywe, na yeye alishafariki tangu asubuhi.