Ukurasa wa Radhi

Bi Haingo alipiga mstari mwekundu katikati ya ukurasa wa pili, akamsogezea Voahangy karatasi.

"Hadithi yako inaanza hapa."

"Na hayo ya juu?"

"Hayo ya juu unaomba radhi. Unamwomba Mungu, unawaomba mababu, unawaomba wakubwa, kisha unamwomba msomaji akusamehe kwa kuwa ulizaliwa. Mwanangu, msomaji keshalala."

Wenzake walicheka, na Voahangy akacheka nao. Walikuwa waandishi chipukizi waliochaguliwa kuja kunolewa na Bi Haingo katika maktaba ya Antsirabe msimu ule wa baridi, na yeye peke yake ndiye aliyefika darasani akinuka moshi, kwa sababu alfajiri huuza vitumbua nyuma ya stesheni. Hakuona haya. Alijua anaandika vizuri kama alivyojua chuma chake cha vitumbua kimeshika moto, na hilo halihitaji kuuliza mtu.

Kwenye radhi ndipo alipokwama. Kwetu nyanda za juu hata anayeazima ungo huanza kwa kuomba radhi, na baba yake, mzee Ralaivao, ndiye msemaji anayeitwa kwenye posa na matanga ya mtaa mzima. Radhi zake ni ndefu hata wali wa harusi hupoa. Yeye husema kwamba anayefungua kinywa mbele ya watu bila kuomba radhi, lawama humwangukia yeye na kizazi chake. Na mzee huyo alikwisha kuwaalika wasemaji wenzake waje kumsikia binti yake akisoma siku ya kufunga mafunzo.

Voahangy alimwambia kwenye jiko lake la vitumbua, mzee akiwa kwenye kigoda, amejitanda shuka.

"Baba, nimezikata radhi."

"Umezifupisha."

"Nimezikata zote."

Mzee alivitazama vitumbua vikiumuka kwenye vishimo vyake. "Nani kakutuma? Yule mama wa kalamu nyekundu?"

"Yeye kapiga mstari tu. Nimesoma mwenyewe nikaona ni kweli. Baba, mimi niko hapa kila siku. Mteja akija simwombi anisamehe kwa kitumbua. Namwambia cha moto hiki, kamata."

Mvuta riksho aliyekuwa akila pembeni akaguna. "Mzee, hapo umepatikana."

"Wewe tafuna," mzee akamwambia, kisha akamgeukia binti yake. "Kitumbua hakina mababu. Lawama ikija utaikinga na nini, na hicho kijiti cha kugeuzia? Mimi siji."

Akainuka, akaenda zake. Ilimuuma Voahangy, tena sana, na vitumbua vya mkupuo ule viliungua upande mmoja. Wamlaumu, wasimlaumu, alitaka kusoma hadithi aliyoiandika. Lakini alitaka baba yake awepo. Usiku mmoja alifikiria kuzirudisha zile radhi. Hakuzirudisha.

Siku ya kusoma, wasemaji walijaa mstari wa mbele, na kofia zao magotini. Kiti cha Ralaivao kilikuwa kitupu. Jina la Voahangy lilipoitwa, alipanda jukwaani, akaweka karatasi sawa, akavuta pumzi.

Mlangoni mtu akakohoa. Kile kikohozi mji mzima unakijua. Ni cha mtu anayetaka kusema.

"Wenye shughuli mniwie radhi," alisema mzee Ralaivao. Alikuwa amesimama pale pale kizingitini, kofia mkononi. "Mimi ndiye baba wa huyu. Yeye hataomba radhi, na asiombe. Ninaomba mimi. Akikosea, lawama ije kwangu, nimeizoea."

Akaishia hapo. Wazee wa mbele wakageuka kumtazama, wakidhani labda anaumwa, maana hawajapata kumsikia akimaliza upesi namna ile. Bi Haingo aliishusha kalamu yake, akamwambia Voahangy:

"Soma, mwanangu."

Voahangy alitaka kulia, ila aliona kwamba akilia hatasoma. Akaanza moja kwa moja, kwa sauti ile ile ya kuuzia, na ukumbi ukatulia.

Mtu mmoja alimwonyesha mzee kiti chake kule mbele. Mzee hakwenda. Alibaki mlangoni, kofia kifuani, wima, kama msemaji ambaye zamu yake haijaisha.