Madawati kwa Afisa

Ngamia walikula ndengu za Mutindi mpaka mashina, ndengu za kupeleka soko la Zombe. Alipowafukuza kwa kelele, wachungaji walimwonyesha bunduki, naye akanyamaza. Kunyamaza huko kulimchoma roho kuliko ndengu zenyewe. Wiki hiyohiyo risasi zikalia karibu na shule, walimu wakatorokea sokoni. Na bintiye Wayua, mwaka huu huu wa mtihani wa mwisho, anachunga mbuzi nyuma ya nyumba! Mtihani haungoji mtu.

Zamu ya Mutindi ikafika kwenye mwethya, kikundi cha wanawake wanaolimiana mashamba. Walikuja kuvuna. Aiya! Wavune nini, kinyesi cha ngamia?

"Sasa tufanye kazi gani?" akauliza Muthoki, mmoja wao.

"Zamu ni yangu, ama si yangu?"

"Ni yako."

"Basi leo mtanibebea madawati."

Mwethya haumkatalii mwenye zamu. Walibeba madawati na ubao wa shule iliyoachwa vichwani mpaka sokoni, kwenye ofisi ya afisa wa tarafa, ambako askari wenye bunduki walilinda bendera na maua. Wakayapanga uani, watoto waliowafuata wakakaa. Mwalimu Kitheka, mmoja wa waliotoroka, aliyekodi chumba jirani, akaja na chaki, haya imemjaa usoni.

Afisa akatoka mbio. "Mama, hii ni ofisi, si shule!"

"Na kule si shule tena, bwana. Ulituambia kwenye baraza usalama umeimarishwa. Nimeutafuta kijijini nikaukosa. Kumbe wote umeuweka hapa kwako!"

Askari mmoja akaficha kicheko kwa kiganja. Afisa akatisha, akabembeleza, akatisha tena. Hakuna aliyeinuka. Jua lilipoanza kushuka, akashusha sauti kama mtu mwenye huruma.

"Jamani, rudisheni watoto nyumbani mapema. Ile barabara yenu si salama jioni."

Mutindi alihisi hasira ikimpanda mpaka kooni, na safari hii hakuimeza.

"Rudia, bwana. Polepole, watoto wasikie."

Afisa akageuka kuwatazama askari wake.

"Wayua! Shika chaki. Andika alivyosema."

Wayua akaandika kwa herufi kubwa. Kisha watoto wakasoma pamoja, kwa sauti, kama walivyozoea darasani: "Ile barabara yenu si salama jioni."

"Tena," akasema Mutindi.