Unga Ulioshiba Udi

Mhandisi Kadenge alikuwa amenipa asubuhi moja tu. Bohari la mafuta la kampuni yake liko Changamwe, ukuta wake umepakana na nyumba za watu, na kila tangi linapojazwa, mvuke wa petroli hutoka kwenye bomba la juu ukawashukia watoto wanaocheza uani. Mimi nilikuwa na unga wa kuuzuia. Ukifanya kazi mbele ya macho yake, angeufunga kwenye matangi. Usipofanya, mambo yangebaki kama yalivyo, nami ningerudi chuoni na miaka yangu ya utafiti kwapani.

"Kwa hivyo unafyonza mvuke kama sifongo," alisema nikiujaza kwenye bomba la kioo.

"Haufyonzi," nikamjibu, maana neno hilo hunipandisha mori. "Sifongo ndiyo inayofyonza. Unga wangu unashika."

Nikamweleza. Chembe za metali zimeunganishwa kwa vijiti vya kaboni, na kati ya vijiti hivyo kumebaki vyumba vitupu, vidogo mno hata hadubini ya shuleni haivioni. Petroli ikiingia hunata kwenye kuta za vyumba. Kuta zilizomo kwenye kijiko kimoja cha unga ule, ukizikunjua zote, zitafunika uwanja mzima wa mpira. Kadenge akautazama unga wenyewe, mweupe kama sembe, akaguna.

Nikafungua mvuke. Upande wa pili wa bomba palikuwa na kipimo kinachosoma petroli iliyomo hewani, na kilitakiwa kikae kwenye sifuri. Namba zilipanda hata sijaondoa mkono kwenye koki.

Kadenge hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. "Pole, dada Wardah," alisema. "Imepita yote. Imepita kama haikuona mtu."

Nilishikwa na hasira, kwanza na kipimo, kisha na kioo, kisha na Mombasa nzima na unyevu wake. Unga ule niliukausha mwenyewe chuoni jana yake, nikaupima, ukashika petroli bila taabu. Nikautia kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana, nikaja nayo nyumbani Mikindani, ikalala kwenye kabati langu la nguo. Kabatini kuna nini cha kuuharibu?

"Angalau unanukia," Kadenge alisema, akiinamia bomba. "Kama mtu aendaye harusini."

"Ni mimi huyo. Leo Ijumaa."

Nyumbani kwetu kila Alhamisi jioni hufukizwa udi, na Shangazi Nana, aliyenilea, haachi pembe ya nyumba. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo nimweleze hayo, nikalikumbuka kabati. Nikatoka nje, nikavua buibui, nikalitundika mlangoni. Nikanawa mikono na uso kwa sabuni, nikanawa tena, nisije nikajinusa mwenyewe. Niliporudi nikachota unga kidogo kutoka kwenye chupa, nikaunusa.

Udi. Udi mzuri, ule wa sikukuu.

Nikapiga simu, nikaiweka mezani kwa sauti ya juu kwa kuwa mikono yangu ilikuwa bado majimaji.

"Shikamoo, shangazi. Ile chupa yangu ya kabatini, uliigusa jana?"

"Marahaba, mwanangu. Niache kuigusa, siku kubwa kama hii? Nguo zako nalizifukiza, buibui nalilifukiza, na hiyo kazi yako ndiyo iende mikono mitupu? Nalikifunua kifuniko, nikaishika chupa juu ya chetezo, nikajifunika nayo kanga hata moshi ukaingia sawasawa. Kisha nikaifunga, wallahi, nikaikaza, baraka isitoke."

Kadenge alijiziba mdomo kwa kiganja. Nami nilitaka kupiga ukelele, lakini furaha iliiwahi hasira njiani.

"Nitakupigia, shangazi," nikasema. Nikamgeukia Kadenge. "Moshi wa udi umebeba mafuta, na chembe zake ni kubwa kuliko za petroli. Zimekaa milangoni mwa vyumba tangu jana, hazitoki. Petroli imekuta milango ina wenyewe, ikapita zake. Unga haukushindwa. Umeshiba! Nipe mpaka watu watoke msikitini."

Akavuta kiti, akaketi. "Uutie njaa tena, basi," akasema.

Nikauweka kwenye tanuri dogo la maabara yao, nikafunga pampu ya kunyonya hewa, nikapandisha joto. Chumba kizima kilinukia. Mfanyakazi mmoja alichungulia mlangoni kuuliza ni nani anayeoa. Niliendelea hadi harufu ikaisha kabisa, nikauacha unga upoe, nikaurudisha kwenye bomba, nikafungua koki.

Sifuri.

Kadenge akakigonga kipimo kwa ukucha. Sifuri. Akaongeza mvuke. Sifuri. Akashuku kimekufa, akakichomoa, akakielekeza kwenye chupa ya petroli, namba zikaruka juu. Akakirudisha kwenye bomba, zikashuka hadi sifuri, zikatulia hapo. Mwishowe akaleta pua yake mwenyewe.

"Sisikii harufu," akasema polepole. "Wardah!"

"Abee."

"Sisikii harufu kabisa."

Nilikuwa sijamaliza. Nikaupasha unga moto tena, safari hii mvuke wake nikaupitisha kwenye bomba jingine la kioo lililozungukwa na barafu. Tone likajitunga, likadondoka, likafuata jingine. Kadenge akachovya kidole, akanusa, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Petroli. Yetu wenyewe, na siku zote tunawamwagia majirani vifuani." Akasimama. "Tutaanza na tangi la ukutani. Jumatatu."

Nikampigia shangazi. Sikumaliza hata sentensi. Alipiga vigelegele ambavyo simu ile haikuumbwa kuvibeba, vikatoka dirishani na kujaa uwanja mzima. Katika bohari la mafuta ukelele una maana moja tu. Tulisikia milango ikibamizwa na viatu vizito vikikimbilia langoni, mahali pa kukusanyika pakitokea moto.

Kadenge akalifungua dirisha lote, akatoa kichwa.

"Hakuna moto!" akawapazia sauti. "Ni mwenetu amefaulu!"

Walisimama wakitazamana, kofia ngumu vichwani. Kisha mmoja akaanza kupiga makofi, wakafuata wote, nami nikasimama pale dirishani nikilia kwa furaha, bila kujificha.