Lozi za Jumapili ya Majilio

Tak. Kimya kidogo. Tak.

Zilikuwa lozi zikichomoka kwenye maganda yake. Gunborg alikuwa amezimwagia maji ya moto, akazisubiri zilainike, na sasa alikaa kwenye meza ya jikoni akizibinya moja moja kwa vidole viwili. Kila moja iliruka nyeupe, ikagonga kisahani. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri na jua lisingetokea mpaka saa tatu. Kilichokuwa kinawaka ni kile kinara cha Majilio dirishani, chenye taa ndogo saba, nacho kilimtosha. Tangu mtoto wa jicho alipomwingia macho yote mawili, taa kubwa ilimuumiza tu, na daktari alikuwa amempa miadi ya mwezi wa pili.

"Lozi za mwaka huu ndogo," alijisemea. "Huko zinakotoka labda mvua ilikataa."

Juu ya jiko, mtungi wa viungo ulikuwa tayari. Wiki nzima karafuu, iliki, vijiti vya mdalasini, tangawizi kavu na ganda la chungwa vilikuwa vimelala ndani ya pombe kali, mpaka pombe ikageuka rangi ya chai. Leo angeichuja, aichanganye na mvinyo mwekundu na sukari, aitie moto polepole bila kuiacha ichemke. Hiyo ndiyo glögg. Gunborg alikuwa amepika glögg ya Jumapili ya kwanza ya Majilio kwa miaka hamsini na mbili, kwanza kwa ajili ya nyumba iliyojaa watu, na miaka ya karibuni kwa ajili ya watu wawili watatu. Harufu yake hakuisikia tena. Mafua makali ya mwaka jana yalikuwa yameondoka na pua yake.

Kabatini kulikuwa na mitungi miwili ya lozi. Mkubwa ulikuwa wa lozi tamu, zile zinazotiwa vikombeni pamoja na zabibu kavu ili mtu azichote kwa kijiko akishakunywa. Mdogo ulikuwa wa lozi chungu. Hizo huingia tatu tu kwenye sufuria, kwa ajili ya harufu, kisha huchujwa na kutupwa, maana lozi chungu zina sumu. Kila mtoto wa kijiji chao cha Granliden aliambiwa hivyo kabla hajajua kusoma. Mwaka huu jirani yake Hilding ndiye aliyekwenda mjini kununua, na kwa kuwa vidole vya Gunborg havikuweza tena kupasua plastiki, alimsaidia pia kuzimimina mitungini. Alikuwa na huruma hizo ndogo ndogo, Hilding, ingawa mwenyewe angekana.

Wageni walifika saa nane mchana, giza likianza kurudi. Alikuwepo Hilding na meno yake ya bandia, na Ylva, mama kijana aliyehamia nyumba ya njano mwezi wa tisa, pamoja na binti yake Signe wa miaka sita. Mume wa Ylva alikuwa kazini mgodini hadi Ijumaa. Gunborg alikuwa amewaza kuwaalika tangu walipohamia, akaogopa kuwasumbua, mpaka Majilio yakampa sababu.

"Hii ni glögg au ni dawa ya kikohozi?" Hilding aliuliza baada ya kunywa kidogo.

"Kunywa unyamaze, mzee. Mwaka jana ulimaliza birika zima ukatuimbia nyimbo za jeshini."

"Niliimba kwa sababu mlinibembeleza."

"Tulikubembeleza unyamaze."

Ylva alicheka huku ameshika shavu. Alikuwa ameng'olewa jino siku mbili kabla, kwa hiyo alikunywa tu bila kutia lozi. Hilding naye, kwa meno yale, lozi hakuzigusa. Signe alipewa juisi ya moto ya matunda ya msituni yenye viungo, na Gunborg akamtilia lozi nyingi chini ya kikombe, kwa sababu mtoto alikuwa amemletea picha aliyoichora mwenyewe. Baada ya muda kikombe kilirudi kitupu.

"Umemaliza zote? Hodari wangu wewe!" Gunborg alisema, akamtilia konzi nzima nyingine.

"Asante, Bibi," alijibu Signe kwa sauti ndogo. Na kikombe cha pili pia kilirudi kitupu.

Saa kumi na nusu mama na mtoto waliaga. Hilding alibaki kufuta vyombo. Gunborg, ambaye mchana kutwa hakuwa ameketi wala kutia kitu kinywani, alichukua lozi moja iliyobaki kwenye bakuli akaitafuna.

Uchungu ulimjaa ulimi kama amelamba dawa. Aliitema kwenye sinki, akashika ukingo wake kwa mikono yote miwili.

"Hilding. Onja hii. Usimeze."

"Mimi na meno haya?"

"Onja!"

Hilding aliiuma kwa meno ya mbele, kisha naye akatema. Alishusha kikombe alichokuwa anakifuta, taratibu, kana kwamba kingepasuka.

"Mtungi mkubwa ulitia zipi?" Gunborg aliuliza.

"Zile pakiti sita. Na mdogo ile pakiti moja. Kama ulivyoandika." Alipapasa mfuko wa shati. "Pakiti zinafanana, Gunborg. Na miwani niliiacha kwenye gari."

"Au mimi niliandika kinyume. Kwa hilo tutagombana baadaye."

"Mtoto," alisema Hilding.

Gunborg alikuwa tayari ana simu mkononi. Iliita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakatika. Mara ya tatu alibonyeza namba isiyo ya Ylva, mtu wa mbali akaitika, akamkatia bila hata kuomba radhi.

"Twende," alisema.

Barabara ilikuwa barafu tupu, na gari la Hilding lilikuwa kwake, mbali kuliko nyumba ya njano. Hilding alimkalisha kwenye kigari chake cha barafu, kile chenye kiti mbele na vyuma viwili virefu chini, akasimama nyuma na kuanza kusukuma kwa mguu. Hapo ndipo alipoona kwamba Gunborg ametoka na ndala za ndani. Alivua skafu yake mwenyewe, akamfunga miguu miwili kwa pamoja, akaendelea kusukuma shingo wazi. Gunborg alisikia vyuma vikikwaruza barafu na pumzi ya Hilding ikikoroma, naye alikuwa anahesabu. Kikombe cha kwanza, kumi? Labda kumi na mbili. Cha pili, konzi. Konzi yake inabeba ngapi? Alikunja kiganja gizani, akakikunjua, akakikunja tena. Alikumbuka alivyomsifu mtoto. Alikumbuka mgongo mdogo wa Signe ukienda mlangoni, na jinsi alivyokuwa amenyamaza. Je, tumbo lilikuwa limeshaanza kumuuma? Hospitali ilikuwa kilomita tisini, na theluji ya jana ilikuwa bado haijasafishwa ng'ambo ya daraja.

Ee Mungu, alisema moyoni, nichukue mimi, nimeshakula chumvi ya kutosha.

Ylva alifungua mlango akiwa na taulo begani.

"Bibi Gunborg! Tumesahau nini?"

"Mtoto yuko wapi?"

"Amelala kwenye kochi. Alichoka tu, akasinzia hata viatu—"

"Mwamshe. Mwamshe sasa hivi, mwanangu. Lozi zilikuwa zile chungu. Nimempa lozi chungu."

Ylva hakuuliza zaidi. Alikimbia ndani. Signe alikuwa amelala kifudifudi, mdomo wazi, na alipoinuliwa kichwa kilianguka begani kwa mama yake. "Signe! Signe, amka!" Kope zilicheza, zikafumba. Gunborg alisimama katikati ya sebule, skafu ikimburuzika miguuni. Kisha mtoto alikunja uso, akalia kidogo kama mtu anayeonewa, akafumbua macho.

Simu ya Ylva ilikuwa chumbani ikichajiwa. Hilding ndiye aliyeikimbilia. Walipiga namba ya wataalamu wa sumu, na sauti ya mwanamke, tulivu, ikauliza umri wa mtoto, uzito wake, na saa ngapi amekula. Halafu akauliza, "Amekula lozi ngapi?"

Wote walimgeukia Gunborg.

"Ishirini," alisema. "Labda zaidi. Mwanangu, sijui. Sikuhesabu."

Ylva alifumba macho.

"Muulizeni mtoto mwenyewe," ilisema sauti. "Kwa upole. Mimi niko hapa."

"Signe," alisema Ylva, "ulikula lozi ngapi kwa Bibi?"

"Zote," alijibu Signe. Alimtazama Gunborg. "Zilikuwa tamu sana, Bibi. Asante."

"Sema kweli! Signe, sema kweli!"

Midomo ya mtoto ilianza kutetemeka. "Zote," alirudia. "Nilimaliza."

Gunborg alimtazama yule mtoto anayelia na bado anashukuru, akaikumbuka ile "Asante, Bibi" ya sauti ndogo. Alipiga magoti chini, magoti ambayo hata kanisani yalikuwa hayajakunjwa kwa miaka minne.

"Mama yako alikuambia nini mlipokuwa mnakuja kwangu?"

Signe alimwangalia mama yake kwanza. "Nisibakize kitu. Kwa sababu wewe uko peke yako na utahuzunika."

Ylva alijishika mdomo.

"Sasa nisikilize, kipenzi changu. Zile lozi ni mbaya. Mimi ndiye niliyekosea. Nimeonja moja jikoni, na unajua nimefanya nini? Nimeitema kwenye sinki. Pthu! Hivyo hivyo, mtu mzima mimi."

"Uliitema?"

"Niliitema. Na Hilding pia."

"Nusura niteme na meno," alisema Hilding kutoka mlangoni, lakini sauti yake haikuwa na mzaha ndani.

"Sitahuzunika hata kidogo kama hukuzila," Gunborg aliendelea. "Nitafurahi kuliko siku zote za maisha yangu. Niambie tu."

Signe aliufuta uso kwa mkono wa sweta. "Mimi sikutema. Nilizificha."

"Wapi?"

"Kwenye glovu."

Glovu zilikuwa zimetandazwa juu ya hita ukumbini. Hilding alizileta, akakung'uta moja juu ya meza. Hakikutoka kitu. Akaikung'uta ya pili, na lozi zikamwagika, laini, zimeshikwa na nyuzi nyekundu za sufu. Ylva alizihesabu kwa sauti, akizisogeza kwa kidole. Zilikuwa kumi na tisa.

"Na tumboni?" aliuliza. "Mama hatakasirika."

"Mbili. Ile ya kwanza. Na nyingine wakati Bibi alikuwa ananitazama."

Gunborg aliinamisha uso.

Yule mwanamke wa simu alisikia yote. Alisema kwamba mbili, kwa mtoto wa uzito ule, hatarajii zilete shida, lakini mtoto asiachwe peke yake kwa saa mbili. Akitapika, akihema haraka au akianza kuongea ovyo, waite gari la wagonjwa bila kungoja. Alirudia maneno yale mara mbili, polepole, kama anayejua kwamba mtu mwenye hofu hasikii mara ya kwanza.

Saa mbili zile zilikuwa ndefu kuliko mchana wote. Hilding alikwenda kuchukua gari lake, akaliegesha mbele ya mlango na kuliacha likinguruma, endapo lingehitajika. Kila baada ya dakika kumi na tano aliingia, akachungulia, akatoka tena. Ylva alimpakata Signe na kumwekea mkono kifuani ahesabu pumzi. Gunborg aliketi kwenye kiti cha mbali kabisa, karibu na mlango, kwa sababu hakuwa na hakika kama ana haki ya kukaa karibu. Signe akipiga mwayo, wote wawili walishtuka. Akikohoa, Ylva aliinuka nusu. Safari moja mtoto alisema miguu inamwasha, na Gunborg alikuwa ameshashika kitasa amwite Hilding ilipojulikana kuwa ni soksi.



Karibu na saa moja na nusu usiku Signe alisema anataka mkate na jibini. Alikula vipande viwili. Muda mfupi baadaye simu ililia, na alikuwa yule mwanamke.

"Zamu yangu inaisha," alisema. "Sikutaka kwenda nyumbani kabla ya kujua."

"Anakula mkate," alijibu Ylva, na hapo ndipo alipolia.

Hilding alizima gari. Kimya kilipoingia, Gunborg alisimama na kujifunga skafu ya Hilding. Ylva alimfuata hadi mlangoni akiwa na jozi ya buti za mumewe, akainama, akamvisha mwenyewe, mguu mmoja baada ya mwingine, bila kumtazama usoni.

"Mwanangu," alisema Gunborg, "usipomleta tena kwangu, nitaelewa. Sitakuuliza kwa nini."

Ylva alibaki amechuchumaa, akikaza kamba za buti kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kula kitu kwako, sijui," alisema mwishoni. "Siwezi kukudanganya, Bibi. Bado natetemeka. Na mimi ndiye niliyemfundisha kunyamaza, hilo nalo sijui nitalifanyaje."

"Ndiyo, mwanangu."

"Lakini usijifungie huko peke yako na jambo hili." Alisimama, akamweka sawa kola ya koti. "Jumatano nitakuwa nyumbani mchana. Njoo, Bibi. Njoo tena, tafadhali, wakati bado kuna mwanga."