Spoila Iliyoinama Kushoto

Fundi wa bodi na rangi waliyempachika jina la Punguza alikuwa na desturi moja iliyowakimbiza wateja wenye haraka. Gari likiingia gerejini kwake, haongezi kitu. Anatoa. Kila siku anafungua kitu kimoja, anakipandisha rafuni, na jioni mwenye gari anakuja kulizunguka. Akishindwa kutambua kilichotoka, basi hakirudi. Wapo waliosema mwanamke huyu ana kichaa, lakini magari yake yalitoka yamependeza, na mwenye macho haambiwi tazama.

Siku mdogo wake wa kiume alipoingiza gari lake aina ya Celica getini, Punguza alikuwa amepakaa puti ya kuzibia mabonde ya bodi mpaka viwikoni. Miaka miwili walikuwa hawasemezani. Kosa lilikuwa la Punguza, na alilijua. Kwenye maonyesho ya magari ya Kijapani, mbele ya umati, alisema gari la mdogo wake limevaa kabati zima la nguo kwa siku moja, kisha akamalizia kwamba kinyozi hajinyoi, maana ndugu yake ni kinyozi kweli, tena hodari. Watu walicheka wakashika mbavu. Kinyozi aliwasha gari akaondoka, na tangu hapo salamu zao zilipitia kwa mama.

Sasa alishuka, akamwamkia kwa adabu, akaangalia sakafu. "Lipunguze, dada," akasema.

Punguza hakuomba msamaha. Ulimi ulikuwa mzito, akaona afadhali mikono itangulie. Lakini aliogopa, tena sana. Akimkosea hapa kwa mara ya pili, undugu wao ndiyo basi.

Chini ya mapambo yote lilikuwa gari zuri, la milango miwili, taa zake za mbele zikijificha ndani ya boneti. Siku ya kwanza alibandua stika za ubavuni. Jioni kinyozi akazunguka, akakuna kichwa, akashindwa. Ya pili yakatoka matundu ya bandia ya boneti. Ya tatu, taa za buluu za chini. Ya nne, mikanda ya kromu. Ya tano, mdomo wa pili wa ekzosti, bomba la moshi, ambao haukuungana na kitu chochote. Kila jioni alishindwa. Punguza alistaajabu. Mtu anayeona unywele mmoja uliorukwa kisogoni mwa mteja, leo haoni gari linavuliwa nguo?

Hata hivyo maneno yalianza kurudi kati yao kidogo kidogo: habari za goti la mama linalomuuma, mteja anayesinzia chini ya mashine ya kunyolea. Punguza alijikuta akiingoja saa kumi na moja.

Siku ya sita ikawa zamu ya spoila, lile bawa la juu ya buti. Hii Punguza aliitengeneza mwenyewe kwa faiba, akiwa na miaka kumi na tisa, kwenye ukumbi wa nyumba yao, na ilikuwa imeinama kushoto kidole kizima. Kila alipoiona alijisikia aibu. Alifungua bolti zake nne kwa raha ya mtu anayejitoa mwiba.

Jioni hiyo kinyozi hakuzunguka. Aliishia getini.

"Spoila yangu iko wapi?"

Punguza akaeleza kwamba ni kazi ya mwanafunzi, imepinda, na atamtengenezea nyingine iliyonyooka.

"Najua imepinda," akasema kinyozi. "Watu walikuwa wananiuliza ni fundi gani kaniharibia gari. Nikabandika stika, wakawa wanaangalia stika. Wakauliza tena, nikaongeza taa. Hayo mengine uliyoyatoa sikuyapenda hata moja, dada."

Punguza akakaa juu ya ndoo ya rangi. Kabati zima alilolicheka mbele za watu lilikuwa limevaliwa ili kumsitiri yeye. Akalia, na ule msamaha wa miaka miwili ukatoka wenyewe. Kinyozi akamwambia apunguze na machozi, yataharibu rangi.

Kesho yake Punguza alishika tupa ainyooshe spoila, akaitazama, akaiweka tupa chini. Aliifunga ilivyokuwa, akalipaka gari lote kijivu kimoja, rimu akaziacha zile lilizokuja nazo.

Kwenye maonyesho yaliyofuata watu walilizunguka wakizungumza kwa sauti ya chini. Fundi mmoja mzee alichuchumaa nyuma, akafumba jicho moja, akasema gari ni safi, ila aliyeweka spoila hakuwa makini, imelala kushoto. Kinyozi akafungua mdomo kujibu. Punguza akamtangulia.

"Niliitengeneza mimi," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Ni kazi yangu ya kwanza."

Watu wakacheka kidogo. Kinyozi naye akacheka, kisha akampa dada yake funguo, aendeshe yeye mpaka kwa mama.