Jiko la Muchangi

Siku Muchangi alipouawa mpakani, mamake, Wanja, alikuwa nyumbani Kiritiri akipepeta mtama. Baadaye jeshi lilimletea begi la mwanawe. Ndani mlikuwa na sufuria mbili bapa, moja imeingia ndani ya nyingine, na jiko la kukunja lisilozidi kiganja.

“Hapa anapikiwa mwanajeshi ama kifaranga?” Wanja alimuuliza Eunice, mke wa marehemu. Alitaka kujua jambo moja tu: kule mwanawe alikula chakula cha moto?

“Tujaribu, Mama.”

Eunice alikunjua jiko, akawasha kidonge cheupe cha mafuta kilichokuwa begini, akateleka sufuria ya maji. Walichuchumaa wakikodoa macho. Maji yakachemka upesi.

“Kumbe alikunywa chai ya moto!” Wanja akasema, akafuta macho.

Vidonge vimeisha. Sasa Eunice huwasha vijiti katika jiko hilo na kumpikia mtoto wa Muchangi uji.