Droo ya Walioacha Kuhudhuria

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi karani wa utafiti alitundika mkoba nyuma ya mlango, akapangusa meza kwa kitambaa kibichi, akafungua droo ya pili ya kabati la chuma. Faili zilikuwa zinakohoa.

"Leo wameamka nayo," alisema muuguzi, akipanga vikopo vya makohozi dirishani.

Zilikuwa faili kumi na mbili. Zilianza kukohoa wiki aliyorudi karani kutoka likizo ya msiba, na ofisi nzima ilikwisha kuzizoea. Mfagizi alikuwa akiziwekea chupa ya maji juu ya kabati, basi. Faili namba ishirini na tisa ilikuwa ya mume wa karani. Hakuhitaji kuitazama namba. Mumewe, fundi seremala, alikohoa hivyo miaka miwili akisingizia vumbi la mbao: mara mbili fupi, kimya, kisha ya tatu ndefu, kama mtu aliyebisha hodi akachoka.

Aliingia kwenye majaribio ya dawa mpya ya kifua kikuu kwa miguu yake mwenyewe, akafa mwezi wa tano wa dozi. Daktari mkuu alikuja mazikoni. Alishika jeneza upande wa kichwani, akatupa udongo, akamwambia mjane asiwe na haraka ya kurudi kazini. Mjane aliporudi, alikuta kwenye faili, kwa wino wa bluu wa daktari: *Aliacha kuhudhuria*. Na wale wengine kumi na mmoja vilevile. Anayekufa huhesabiwa dhidi ya dawa. Anayeacha huwekwa pembeni.

Namna ya kusahihisha karani aliijua, maana ndiye aliyewafundisha wenzake. Hufuti. Unapitisha mstari mmoja, unaandika neno sahihi kando yake, unatia tarehe, daktari anatia sahihi. Jumatatu hiyo alipitisha mstari, akaandika *Alifariki*, akaibeba faili hadi chumba cha daktari, nayo ikikohoa kifuani pake njia nzima.

Daktari hakugusa kalamu.

"Mama Pacha, nikimtilia huyu sahihi, na wale kumi na mmoja watataka."

"Wanataka, daktari. Si unawasikia?"

Daktari alisikiliza kidogo. Akakubali kwamba anawasikia. Kisha akachomoa ule ukurasa, akajaza mwingine mpya uliofanana na wa kwanza, bila ule mstari, akampa pole.

Mkaguzi alikuja Jumatano. Aliomba dirisha lifungwe, akidhani ni baridi inayoziumiza faili. Alipofungua namba ishirini na tisa, ikamkoholea kwenye mkono wa shati. Akajipangusa kwa leso, akaendelea kuandika. Ripoti yake ilisema kumbukumbu zimekamilika, dawa ni salama, na kabati lisogezwe mbali na unyevu. Wakalisogeza.

Kwa mshiriki aliyeacha kuhudhuria, utaratibu unataka barua tatu za kumkumbusha. Ijumaa karani alichapa ya tatu. *Ndugu mshiriki, tumekukosa kliniki. Tafadhali fika ukiwa na kadi yako.* Droo aliiacha wazi kidogo, kwa sababu mumewe hakuwahi kupata usingizi mlango ukiwa umefungwa. Juu ya bahasha aliandika anwani ya nyumba yake mwenyewe, kisha akaitia mkobani, kwa kuwa alikuwa anaelekea huko huko.